Usiijaze Nafasi Kati ya Njia Mbili

Naikumbuka vizuri siku uliyozaliwa, mwanangu, kwa sababu mimi, mama yako mdogo, nilikaribia kukufungia njia. Kesho unaanza kushika motorola, ile redio ya mkononi, ya kituo cha afya hapa Mushaki. Soma bila haraka, maana nami naandika bila haraka.

Wakati ule nilishika motorola ya duka la Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyeleta pikipiki zake huku. Fundi wa redio alibandika karatasi ukutani. Njia ya redio ya kituo cha afya aliichora kama tuta, njia ya duka kama tuta lingine, na katikati akaacha ukanda mweupe. Sauti ya redio haipiti kama uzi, mwanangu. Inapita kama mama aliyebeba kuni: njia yake lazima itoshe mzigo, si mabega tu. Upana huo fundi aliupima kwa kilohezi, kipimo cha mawimbi ya redio, kumi na mbili na nusu kwa kila njia. Ule ukanda mweupe sikuuelewa, na niliona haya kumuuliza.

Mimi ni mtoto wa wakulima. Nikiona udongo mtupu, mikono inaniwasha. Motari, vijana wetu wa pikipiki, walipolalamika kwamba wanabanana kwenye njia moja, nilibonyeza vitufe vya motorola zao zote nikawapa njia mpya pale pale katikati. Tena niliipanua mara mbili, kilohezi ishirini na tano, ili sauti zao zitoke nene. Walinisifu, nikatembea kichwa juu wiki nzima.

Kisha asubuhi moja muuguzi wetu, Mama Jeanne, akaingia dukani na motorola yake mkononi.

"Mutoto wangu, hii kitu imekuwa soko! Tangu asubuhi inaniambia tu mambo ya viazi ya Kibabi." Halafu uso wake ukabadilika. "Kuko mutu anaita kule juu ku malisho. Nasikia 'mimba', nasikia 'damu', kisha motari wako wanamufunika."

Kule juu mwenye mimba alikuwa mmoja tu: dada yangu Riziki, mama yako.

Mimi ambaye hata kanisani niliimba kwa midomo tu, nilinyakua motorola ya duka nikapiga kelele. "Motari wote, nyamazeni! Hata mumoja asibonyeze!"

"Ni nani uyu?" mmoja akacheka. "Njo ule binti wa haya?"

"Ndiyo, njo mimi! Nyamaza!"

Wakanyamaza. Papo hapo motorola ya Mama Jeanne ikatoa sauti safi ya mhudumu wa afya wa kijiji cha kule juu, mwenye motorola yake. Walikuwa wamembeba Riziki kwa tipoyi, ile machela ya miti, wamefika darajani, mabega yamechoka, wanaomba pikipiki. Nikawaambia motari. Yule aliyenicheka ndiye aliyemfikia wa kwanza. Jua likiwa utosini, wewe ukalia kituoni, mama yako akiwa mzima.

Siku ya pili babu yako, ambaye hakujua kusoma, alisimama mbele ya ile karatasi akaiangalia sana.

"Mu hii nyeupe njo ulipanda?"

"Ilikuwa bule, Papa. Hakukuwa mutu."

"Na majani tunaacha kati ya shamba yetu na ya jirani, nayo iko bule?"

Ukanda ule wa majani hatuulimi kamwe. Mvua ikishuka mlimani, udongo wetu unakwama pale na maharagwe ya jirani yanapona. Hata ng'ombe anayepotea njia anakanyaga majani, si chakula cha mtu.

"Basi rudisha majani," akasema, akaniwekea mkono kichwani. "Na siku ingine uliza fundi. Atakukula?"

Nikacheka huku nalia. Siku hiyo hiyo nikaifuta njia ile, motari wakarudi kubanana.

Kwa hiyo, mwanangu, kila njia iache na upana uliopimwa. Usiupanue kwa sababu mtu anataka kusikika zaidi. Ukanda mweupe uache mweupe, una kazi yake. Na usipoelewa, uliza, hata uso ukikuwaka, kwa maana najua haya zangu umezirithi. Siku ile hazikunidhuru mimi. Zilitaka kumdhuru aliyekuwa darajani.

Mungu akupe masikio ya subira. Kila anayeita kutoka mlimani akufikie akiwa mzima. Na siku yako ya kuita msaada itakapofika, ukute njia iko wazi na mtu anasikiliza.