Yangeyange Aliyefundishwa Kuomba

Kazi yangu ni kuwapiga picha maharusi, upande wa wanawake, na kazi hiyo ni uongo mtupu. Inua kidevu, mwanangu. Itazame pete. Cheka kidogo, kana kwamba hukushinda ukilia. Ndiyo maana maji yakipwa nilikuwa nikiteremka ufuoni nyuma ya Mji wa Kale, nikakaa matopeni kumvizia ndege mmoja, yangeyange mweupe aliyekatika kidole cha mguu. Huyo hapangwi na mtu. Alikuwa akiingia dimbwini, anautetemesha mguu chini ya maji, samaki wanashtuka, shingo inafyatuka. Nilitaka picha moja tu: mdomo umegusa maji, samaki hajajua. Nilikuwa nikiikosa kila siku, na wallahi nilikuwa na raha zangu.

Kisha wakaja mabwana. Vizibao vya mifuko tele, lenzi ndefu kama mchi, na mkubwa wao daktari wa meno. Wanapenda maumbile, walisema. Maumbile gani! Hawawezi kukaa robo saa bila kupiga miayo. Siku ya pili daktari alikuja na ndoo ya dagaa wabichi, akawa anawarusha mmojammoja mbele ya lenzi za wenzake. Yangeyange akaja mbio, kamera zikalia kama bisi zinazopasuka sufuriani.

"Daktari," nikamwambia, "huko si kuwinda, ni kulishwa."

"Ah, mamangu, usikasirike. Picha haionyeshi ndoo."

Kefule! Alisema hivyo meno yote nje, na wenzake wakacheka. Jioni wakazianika picha mitandaoni, chini yake wameandika eti ni matunda ya subira. Mashaallah zikamiminika. Nikawadharau wao, nikawadharau na waliowasifu.

Wakaendelea hivyo majuma mengi, halafu wakachoka, kama watu wa aina yao wanavyochoka na kila kitu. Wakasikia kuna ndege wakubwa zaidi kwingine, wakahama na ndoo yao.

Nikarudi ufuoni peke yangu. Yangeyange alikuwa amesimama ukingoni, ameyapa maji mgongo. Samaki wanaruka dimbwini nyuma yake, yeye anautazama mkoba wangu. Alikuwa amekonda, kifua kimechongoka. Akanijia mpaka magotini, akafunua mdomo. Maskini, angemwendea hata paka namna hiyo. Watu wazima, wenye elimu zao, wamemfanya ndege ombaomba, na wenyewe wamekwenda zao!

Nikavua champali mguuni, nikamrushia, ajifunze tena kuwaogopa watu. Akaruka kidogo, akarudi. Nikamrushia tope, nikapiga makelele hata mvuvi aliyekuwa akipita akaniuliza kama ni mzima. Nikamwambia mimi ni mzima, wagonjwa wamekwishaondoka. Kesho yake nikaja tena kumfukuza, na keshokutwa, huku nalia kwa hasira.

Juzi nilimwona kwa mbali, ameinama majini mwenyewe, hana wa kumrushia kitu. Mwanga ulikuwa mzuri ajabu. Nikapiga hatua moja tu, akaliona buibui langu, akaruka hadi ng'ambo kwenye mikoko, lenzi yangu isipofika. Ile picha yangu ndiyo basi tena.