Barua Iliyofungwa kwa Ufunguo

Wiki iliyopita, kwenye kafe ya intaneti hapa Mbinga mjini, mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Maguu aliikataa kampuni ya barua pepe tunayoitumia sote.

"Hao nasikia wanasoma barua za watu," alimwambia dada wa kafe. "Nitafutie wasiosoma."

Dada akahangaika mpaka akapata kampuni ngeni inayoahidi kufunga kila barua kwa ufunguo. Mzee akaridhika. Kwa kuwa hajui kuchapa, akasimama nyuma ya dada, mikono mgongoni, akaanza kumtajia maneno kwa sauti ya msoma somo kanisani.

"Mwanangu, nimekupatia mchumba kule Litembo. Mama yako asijue kwanza."

Benchi zima tuliokuwa tukisubiri zamu tukageuza shingo. Mama mmoja mwenye kikapu akauliza, "Samahani baba, wa ukoo gani?"

Mzee akamtajia ukoo, akaendelea na barua.

Mama akajitwika kikapu chake. Mlangoni akageuka, akasema kwa upole, "Mkeo tunasali naye jumuiya moja. Nitamsalimia."

Kampuni ile naisifu. Mpaka leo hakuna mgeni aliyeifungua barua ya mzee.