Resi ya Mwisho Kabla ya Kuzima

Mtaani walimwita Mzee Kabureta, na jina hilo hakulichukia, maana alilipata kwa jasho lake la ufundi wa magari. Enzi zake injini ilikuwa kitu cha kushikika. Unafungua boneti, unainama, unasikiliza, unanusa, umeshajua. Leo ukifungua boneti unakutana na plastiki nyeusi iliyofunika kila kitu kama mfuniko wa jeneza, na fundi hagusi spana mpaka kompyuta imempa ruhusa. Mzee alikuwa na mengi ya kusema juu ya hayo, na aliyasema kila siku, kwa yeyote aliyekosa pa kukimbilia.

Mkewe alipofariki alihamia kwa binti yake wa pekee. Kuishi kwa mkwe si jambo jepesi kwa mwanaume aliyezoea kuwa na mlango wake. Unakohoa kabla ya kuingia sebuleni. Redio unaisikiliza kwa sauti ya chini, na chumvi ikizidi unasifia chakula. Mkwe mwenyewe alikuwa mpole, mpole hadi mzee akawa anamshuku. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate. Alfajiri anapakia kreti, anapanda mlima hadi kwenye maduka ya juu, jioni anarudi na kreti tupu. Gari lake lilikuwa dogo, la petroli, lenye turbo.

"Lita moja nukta mbili," mzee alimwambia fundi cherehani wa jirani. "Kopo la maziwa! Halafu wanasema lina nguvu za farasi mia na ishirini. Hao farasi wamewaweka wapi?"

"Labda ni wa kukunja, mzee. Kama viti vya harusi."

"Cheka tu. Sisi tulikuwa na injini ya lita tatu, unaipandisha mlima huku unakula njugu."

Lakini kila jioni gari lilipofika getini, mzee alikuwa wa kwanza kutoka. Mkwe alishuka kufungua geti na kuteremsha kreti, akiiacha injini ikiunguruma polepole. Mzee akasema, "Nipishe, mwanangu, nikuingizie." Mkwe akampisha. Mzee akaketi nyuma ya usukani, akaliingiza gari uani taratibu kama anayemwongoza bibi arusi, kisha akafanya alichokifanya maisha yake yote na kuwafundisha wanagenzi wake wote: akakanyaga mafuta mara moja kwa nguvu, injini ikapiga kelele, papo hapo akazima. Hilo aliliita kuipa funda la kulalia. Magari ya zamani, ya kabureta, yalilipenda. Petroli ilibaki imelowesha silinda, na asubuhi injini iliwaka kabla hujamaliza kupiga miayo.

Siku ya kwanza mkwe alijaribu kusema neno. "Baba, hili huwa naliacha kidogo liungurume kwanza, limetoka mlimani..."

"Linasubiri nini?" mzee akauliza. "Linaaga?"

Fundi cherehani alicheka hadi akaidondosha kanda yake ya kupimia. Binti naye alicheka akiwa dirishani. Mkwe akatabasamu, akatazama chini, akabeba kreti zake. Hakulirudia tena neno lile. Ukapita mwaka.

Kisha gari likaanza kuugua. Kwanza lilipiga mluzi mwembamba, kama birika jikoni kwa jirani. Halafu ukaja moshi wa buluu. Mwisho mlima ukaanza kulishinda. Mikate ikawa inafika wateja wameshakunywa chai, na wenye maduka wakaanza kutafuta msambazaji mwingine. Binti akaacha kulala vizuri.

Mzee alitoa hukumu mezani, mbele ya wote. "Gari hili limeuliwa. Mtu anakanyaga kama anafukuzwa na nyuki. Ile injini ni ndogo, inataka mtu mwenye mguu wa adabu."

"Umesikia?" binti akamgeukia mumewe. "Nimekuambia mara ngapi upunguze mwendo?"

Mume akaendelea kula.

Mkwe alipolipeleka gereji, mzee alisisitiza kwenda naye, eti wasije wakapunjwa. Alimkuta mwanamke wa makamo mwenye ovaroli, mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye unayeongea naye."

Mzee akaelekeza kidole kwenye boneti. "Pete za pistoni zimekwisha. Moshi wa namna hiyo naujua."

"Inawezekana, mzee. Kwenye injini hizi kuna mengi. Kuna cheni ya taimingi inayolegea, unaisikia ikigonga asubuhi. Kuna valvu zinazoshika masizi, kuna koili zinazokufa. Tuangalie kwanza."

Alipima mgandamizo wa silinda zote nne. Zilikuwa nzima. Akafungua bomba la hewa, akaingiza vidole viwili, akatikisa. Ekseli ndogo ya turbo ikacheza kama jino la mtoto. Kisha akafungua kijibomba chembamba kinachopeleka mafuta kwenye turbo, akakigonga juu ya kiganja chake. Yakadondoka makaa. Makaa kabisa, meusi, makavu.

"Haya ni mafuta ya injini yaliyokaangwa," akasema. "Oneni. Ndani ya turbo kuna feni ndogo, kafeni kanakozungushwa na moshi wa gari lenyewe, mara laki moja na zaidi kwa dakika. Kinachokashikilia ni utando wa mafuta tu. Ukitoka mlimani kamewaka moto, unatakiwa uiache injini iungurume kidogo, mafuta yapite yakapooze. Ukizima ghafla mafuta yanakatika, yale yaliyobaki yanaungua humo humo." Akajifuta mikono. "Na kibaya kuliko vyote ni ile tabia ya zamani ya kupiga resi moja ya mwisho ndipo uzime. Unakaamsha kafeni kakimbie, halafu unakanyima mafuta. Nani huwa anazima hivyo?"

Mzee alitazama ukutani, palipokuwa na kalenda ya kampuni ya matairi, akaisoma kana kwamba ameitiwa mtihani.

"Ni mimi," mkwe akasema.

Alisema haraka, kama mtu anayedaka glasi kabla haijafika chini. "Huwa nina haraka, fundi."

Hapo ndipo mzee angesema. Nafasi ilikuwepo, pana kama uwanja. Gari lilikuwa limefunguliwa kifua. Mzee akatikisa kichwa, na mdomo wake ukatoa neno ambalo hajui hadi leo lilitokea wapi.

"Vijana," akasema. "Hawasikii."

Njiani kurudi, kwa miguu, mkwe alitembea upande wa barabara yenye magari ili mzee apite ndani. Mara moja mkwe alimshika kiwiko kumvusha mtaro, na mzee akatamani mtaro ummeze. Zamani, aliwaza, mtu akikosa alisimama mbele ya watu akasema nimekosa. Alikuwa amewaimbia watu wimbo huo miaka mingi. Zamani hiyo yenyewe ilikuwa inatembea hapa kandokando ya mtaro, imeshikwa kiwiko.

Chakula kilipoletwa, binti aliuliza habari ya gari. Mumewe akamweleza: turbo imekufa, kosa lake, alikuwa akizima vibaya. Binti akaweka kijiko chini.

"Baba alisema! Alisema hapa hapa, meza hii, ukamfanya kama redio mbovu. Injini uiue wewe, aibu tuibebe sote. Baba, wewe ulijua tangu mwanzo." Akamtazama baba yake kwa fahari, jicho lile lile la utotoni, alipokuwa akimshikia tochi chini ya magari ya watu.

Jicho hilo ndilo lililomshinda.

"Si yeye," mzee akasema.

"Nini, baba?"

"Anayezima ni mimi. Kila jioni, hujaniona? Napiga resi, nazima. Yeye alijaribu kuniambia nikamcheka, nawe ukacheka. Na leo gereji amejibebesha kosa langu, nami nikamwacha. Nikamwita kijana asiyesikia." Akamtazama mkwe wake. "Nisamehe, mwanangu."

Alitegemea binti atamkasirikia. Lakini binti alimgeukia mumewe.

"Kwa hiyo ulijua? Mwaka mzima unatazama gari linauawa, umenyamaza?"

"Ningemwambiaje?" mume akajibu kwa upole. "Alikuwa anafurahi. Tangu mama afariki, ni hapo tu nilimwona akifurahi. Nikadhani gari litavumilia."

Hilo lilimchoma mzee kuliko makaa ya turbo. Aliyajua matusi, angeyajibu. Kuhurumiwa kimyakimya, jioni baada ya jioni, kama mgonjwa anayefichwa ugonjwa wake, hakukuzoea. Alitazama sahani. Alifikiria kuinuka aende chumbani, kisha akamega tonge.

"Kuna kingine?" akauliza.

"Kingine kipi, baba?"

"Nilichokosea kwenye hilo gari. Sema. Usinionee haya."

Mkwe alimtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni.

"Mafuta ya injini," mkwe akasema hatimaye. "Ulinishauri yale mazito, ya magari ya zamani. Hili linataka mepesi, njia zake ni nyembamba. Nikaona haya kukataa, nikayaweka."

"Endelea."

"Na zile plagi, baba. Ulizipanua mwanya wa cheche. Zilikuwa na kipimo chake."

Kuhusu plagi mzee alikuwa na la kusema. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limesimama, lina hoja na mifano. Akalimeza pamoja na tonge.

"Endelea," akasema.