Silinda Tatu, Watu Watano

Gari lile nililinunua kwa ushamba wangu mwenyewe. Kwetu Tanzania, ukiagiza gari, watu huuliza kwanza cc ngapi, maana ushuru hupanda na ukubwa wa injini. Basi nilipofika Germantown, huku Marekani, nikachagua injini ndogo kuliko zote, lita moja na kidogo, silinda tatu, nikajiona mjanja. Mke wangu alisema halina nguvu. Nikamwambia nguvu za nini, kwani tunakwenda kulima?

Uchungu ulimshika mchana wa joto kali. Tulipanda watano kwenda hospitali: mimi, yeye, mama yake aliyetoka Tanga kwa ajili ya siku hiyo tu, dada yake, na jirani yetu Mkongomani. Kwetu mzazi hasindikizwi na mtu mmoja. Mimba ya kwanza iliharibika mama yake akiwa mbali, na safari hii mke wangu alikuwa na ombi moja: mama awepo, amshike mkono.

Njia ya kuingilia barabara kuu ya 270 inapanda. Nilikanyaga mafuta mpaka chini, injini ikapiga kelele, mwendo usije. Injini huvuta kadiri ya hewa na mafuta inayoweza kumeza, na ile ilimeza kidogo, huku imebebeshwa watu watano na kiyoyozi. Lori likapiga honi nyuma yetu. Nikakimbilia pembeni, nikasimama.

Sasa ilibidi nianze upya kutoka sifuri, na magari yalipita mfululizo. Mke wangu alikuwa analia. Dawa ilikuwa kupunguza uzito, lakini utamwambiaje mama mkwe ashuke?

Alifungua mlango mwenyewe.

"Tushukeni," aliwaambia wenzake.

Mke wangu aliing'ang'ania kanga ya mama yake. "Mama, usiniache."

Mama akambandua vidole, kimoja kimoja. "Nenda, mwanangu."

Walivuka ukingo wa chuma wakasimama kwenye majani, mama na chupa yake ya uji kwapani. Nikazima kiyoyozi, nikapata upenyo, gari likapanda.

Mtoto alizaliwa mkono wa mke wangu ukiwa ndani ya mkono wangu mimi. Mama alifika kwa teksi saa nzima baadaye, viatu vimejaa vumbi. Nilimwonea aibu, sikuweza hata kumtazama.

"Mtoto amelia?"

"Amelia, mama. Kwa nguvu."

"Na mwanangu, aliniita?"

Alikuwa amemwita mpaka mwisho. Nikamwambia hapana.