Mche wa Kona Katika Banda la Vidukari

Zipora alimaliza utoto wake akiua vidukari katika shamba la karanga la baba yake, Kibakwe. Siku hizi analipwa kuwafuga. Kazi yake iko Chimwaga, kwenye banda la wavu nyuma ya maabara ya chuo, na ndugu zake hawaachi kumtania kwamba amesoma mpaka akawa mchungaji wa chawa wa mimea.

Mifugo yake ya thamani iliishi kwenye trei moja ya miche ya karanga: ukoo mmoja, uzao wa kidukari jike mmoja aliyeokotwa hukohuko Kibakwe. Vidukari hawa hufyonza karanga zenye rozeti, ugonjwa unaodumaza mmea, lakini hawausambazi. Dokta Khalidi, mtafiti, anashuku kuwa vinasaba vyao vya kinga ndivyo vinavyovizuia virusi mwilini. Jumatatu ile alikuwa achukue sampuli za kwanza. Ukoo ukifa, basi. Shamba ulikotoka lilishapuliziwa dawa.

Jumamosi Zipora alikwenda msibani, akamwachia mtunza bustani, Mzee Matonya, kazi ya kumwagilia. Jumatatu asubuhi alikuta majani yamepauka kwa majivu, na vidukari waliokauka wametapakaa kwenye udongo.

Alimkuta mzee bombani, akamwamkia, akamuuliza nani kamwaga majivu.

"Mimi, mwanangu. Miche yenu imejaa wadudu hivyo, niiangalie tu?"

Zipora hakuwa na la kumlaumu. Alikuwa amemwambia amwagilie; hakumwambia kwamba hapa wadudu ndio zao lenyewe.

"Umemwagia yote?"

Mzee alimtazama kama anayemtilia shaka ukoo wake. "Wewe si wa Kibakwe? Mche wa kona hauwekwi majivu. Wadudu wanakimbilia huko, ndipo unaung'oa unauchoma. Nilikuwa nakuja kuung'oa sasa hivi."

Zipora alirudi bandani mbio. Kwenye kona, mche mmoja ulisimama mweusi ti, vidukari wamebanana kutoka shina hadi ncha, wazima. Aliufunika kwa wavu, akakaa chini sakafuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Saa nne Dokta Khalidi alikuja na vichupa vyake, akapata sampuli zote alizotaka. Mzee Matonya alisimama mlangoni, akauliza kwa upole ule mche utachomwa lini.

Zipora akamwomba ampe kwanza kiberiti chake, akakitia mfukoni mwake.