Mikono Kuzunguka Kanisa la Ashwold

Kanisa la Ashwold lilijengwa na kondoo. Ukimuuliza Hilda Tustin, ndivyo atakavyokwambia, tena bila kucheka. Kondoo walipokuwa wachache, wazee wa zamani walisimamisha chumba kimoja cha mawe, madirisha yake membamba kama macho ya mtu anayesinzia. Sufu ilipopata soko, wakaongeza ubavu wa kusini. Kondoo walipoifunika milima yote, wakainua mnara, wakatoboa madirisha mapana, na huko juu penye mifereji ya mvua wakachonga masanamu yenye vinywa wazi, kila moja baya kuliko mwenzake. Mwisho akaja Thomas Dormer, tajiri wa sufu, akabandika upande wa kaskazini chumba chake mwenyewe cha kuzikiwa, ili hata akiwa maiti asibanane na watu. Yumo humo mpaka leo, kachorwa kwenye bamba la shaba sakafuni, mguu mmoja juu ya kondoo, mwingine juu ya gunia la sufu.

"Ungekuwa na haya kidogo, Thomas," Hilda humwambia akipita na ufagio, "leo tungekuwa na ukuta mfupi."

Manung'uniko hayo yana sababu. Ashwold wana mila ya kulikumbatia kanisa lao. Jumapili moja ya Septemba, alasiri, watu hutoka nje, hushikana mikono na kulizunguka kanisa zima, uso ukiutazama ukuta, mpaka wa mwisho amshike wa kwanza. Ni mkono kwa mkono tu. Leso hairuhusiwi, wala kamba. "Kamba ni ya ng'ombe," husema wazee. Na ukuta wa Ashwold, jamani, haunyooki: unaingia, unatoka, unapinda kwenye kila nguzo nene iliyoegemezwa nje kuushikilia, unazunguka mnara, halafu unakutana na chumba cha Thomas Dormer, na hapo ndipo mikono huisha. Kondoo walijenga kanisa la watu wengi. Watu wale hawapo tena. Vijana wamehamia mjini, na nyumba nyingi za kijiji zina mapazia yanayofunguliwa wakati wa likizo tu.

Hilda alikabidhiwa funguo za kanisa angali bibi harusi, na hajazirudisha. Nyumba yake iko nyuma ya duka la mikate, mumewe Walter kalala chini ya nyasi karibu na ukumbi wa mlango. Asubuhi huanza na kaburi la Bwana Hugh na mkewe, waliochongwa kwa jiwe jeupe, wamelala chali wakiitazama dari, mbwa miguuni. Huwapangusa kwa brashi laini ya kujipaka poda, kwa kuwa jiwe lile ni laini, na matambara ya waliomtangulia yamekwishamla Bwana Hugh pua. "Umeamkaje, bwana mkubwa? Mimi nyonga inaniuma." Ndivyo anavyozungumza nao. Kasisi Rowena, mama wa makamo aliyekuja kutoka mji wa Bristol, alishtuka mara ya kwanza aliposikia. Siku hizi hupitia mlango wa pembeni asimkatize.

Mwaka jana duara halikufunga. Palibaki pengo upande wa kaskazini, na kwa aibu wakalijazia fimbo ya Hilda, mmoja kashika mpini, mwingine ncha. Baraza la kanisa likakaa, likaamua kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa: tujaribu mara moja zaidi, na lisipofunga mkono kwa mkono, mila ipumzishwe. Tutasali pale mlangoni, yaishe.

"Kupumzisha," Hilda alimwambia Kasisi. "Hata Walter tulisema amepumzika. Umemwona akiamka?"

Akawaza watu atawatoa wapi. Waliobaki Ashwold ambao hawajawahi kushika ukuta ule ni watu wa Kikanisa, Wamethodisti wa mwisho wa uchochoro, wenye jengo lao la matofali lisilo na mnara wala sanamu. Nao Jumapili ileile, saa ileile, huadhimisha mwaka wao kwa nyimbo. Kiongozi wa nyimbo ni Dorcas Tustin, dada yake Walter. Walter alikuwa mtoto wa Kikanisa mpaka alipomwoa Hilda akahamia kanisa kubwa. Tangu hapo wifi na wifi husalimiana kwenye foleni ya mikate, basi.

Hilda alibeba keki ya matunda ya plamu akagonga mlango.

"Ehe," Dorcas akasema, akiitazama keki kabla ya mtu. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, wifi. Nimekuja kuomba."

"Basi ingia. Watu wa mnarani hawaombi kila siku."

Akamweleza yote, pengo, fimbo na baraza. Dorcas alimimina chai, akaweka maziwa bila kuuliza, kwa maana alikuwa anajua.

"Kumbe mnatuhitaji. Kaka yangu mlishamchukua, leo mmerudi kuchukua waliobaki."

"Sikumchukua. Alikuja kwa miguu yake."

"Alikuja kwa ajili ya keki zako!" Dorcas akacheka kidogo, bila kutaka. Kisha akakunja uso tena. "Nisikilize, Hilda. Kila mwaka tukisimama kuimba, kengele zenu zinaanza. Gong'o, gong'o, mpaka tumalize. Kuna kina mama pale wamefanya mazoezi tangu Pasaka na hawajawahi kusikia sauti zao wenyewe. Zinyamazisheni kengele tuimbe wimbo mmoja, mmoja tu, usikike. Nitakuja, nao nitawaleta. Zikilia, usinitazamie."

"Kengele ni za Amos."

"Basi kamwombe Amos. Na hiyo keki iache."

Ngazi ya mnara imejipinda kama konokono, na kila kidato kimelika katikati kwa nyayo za watu. Hilda alipanda akiushika ukuta, nyonga ikimtukana. Amos Gillet, mkuu wa wapiga kengele, alikuwa anapaka nta kwenye kamba.

"Hilda! Umekuja kufia huku juu? Nani atakushusha?"

"Wewe. Una kamba nyingi."

Alipomweleza, Amos aliacha kazi. "Kengele hazijawahi kunyamaza siku ya kukumbatia. Baba yangu alipiga, babu alipiga. Eti tunyamaze kwa ajili ya Dorcas Tustin na kinanda chake kinachokohoa?"

"Amos, kengele ni za nini?"

"Swali gani hilo? Za kuita watu."

"Basi mnawaita, na watu walio tayari kuja wanasema sauti hiyohiyo ndiyo inayowazuia. Halafu tazama na nyie wenyewe. Mwaka jana pengo liko chini, na mikono yote yenye nguvu ya kijiji hiki iko huku juu, imeshika kamba."

Amos akaichukua kamba, akaendelea kupaka nta. Hilda akasubiri, kisha akashuka, akikaa kitako kwenye vidato kila baada ya hatua chache, akimwambia Mungu mambo ambayo hayamo katika kitabu cha sala.

Siku ilipofika, jua lilitoka, mawe yakawa rangi ya asali. Watu walikuja, waliovaa kofia na waliovaa buti za shambani. Purefoy wa duka la mikate alikuja na unga kwenye nyusi. Hata wenye nyumba za likizo walikuja, wakiuliza wasimame wapi. Na huko juu kengele zikaanza. Zilianza kwa nguvu zote, zikashuka moja baada ya nyingine kama maji kwenye ngazi, mpaka kunguru wakaruka kutoka mnarani.

Hilda alitupa jicho mwisho wa uchochoro: mlango wa Kikanisa ulikuwa umefungwa. Alisimama mahali pake kwenye ukumbi wa mlango wa kusini, mkono wa kushoto kwa Kasisi Rowena, wa kulia kwa Purefoy.

"Tuanze?" Kasisi akauliza.

"Tuanze."

Mstari ukatambaa pande mbili, ukapita nguzo, ukapinda kona, ukapotea machoni. Baada ya muda sauti ikaja kutoka nyuma, ikipokezwa mtu kwa mtu: pengo bado, tena pana. Mbele ya chumba cha Dormer, kwenye majani yanayowasha.

"Vuta kidogo!" Purefoy alipiga kelele. "Nyoosheni mikono!"

"Yangu imeshanyooka mpaka masikioni!" mtu akajibu.

Ndipo kengele moja ikaacha. Hilda aliisikia kabla ya wengine, kama mtu anavyosikia saa ya ukutani ikisimama. Ikaacha ya pili, ya tatu, mpaka ikabaki ile kubwa peke yake, nayo ikapiga mara moja na kukaa kimya. Hewa ikawa tupu. Na katika utupu ule, kutoka mwisho wa uchochoro, zikaja sauti za kina mama, nyembamba, kisha nene, sauti tatu zikisukana. Watu waliokuwa ukutani hawakusogea. Wengine hawakujua kwamba Kikanisa huimba vizuri hivyo, na Purefoy, ambaye huwauzia mikate, alisema, "Haya, kumbe!"

Wimbo ulipoisha mlango wa Kikanisa ulifunguliwa. Dorcas alitangulia, kofia ya buluu kichwani, watu wake nyuma wawili wawili. Wakati huohuo mlango mdogo wa mnara ukatema wapiga kengele, mikono ya mashati imekunjwa, jasho shingoni. Wote wakaelekea kaskazini, na Hilda hakuweza kuwaona tena. Alisikia tu.

"Amos Gillet, shika mkono, mbona umeganda?"

"Mkono huu umezoea kamba, Dorcas. Nisije nikakuvuta ukalia."

"Nivute uone!"

Vicheko. Sasa hakuna aliyejua kama duara limefunga, maana kanisa lenyewe limesimama katikati na walio kusini hawawaoni wa kaskazini. Kwa hiyo Ashwold hufanya hivi: wa kwanza humbinya wa kushoto wake vidole, naye humbinya anayefuata, na mbinyo huo huzunguka kimyakimya. Duara likiwa limefunga, utamrudia kwa mkono wa kulia. Likiwa wazi, utafia njiani.

Hilda alimbinya Kasisi. Akausikia ukiondoka. Akaufuata kwa mawazo: umepita birika la mvua, umepita mnara, uko penye mlango uliozibwa kwa mawe, uko penye majani yanayowasha. Akangoja. Ukuta ulikuwa mbele ya pua yake, na katika jiwe moja aliona alama ya patasi, mtu fulani aliyechonga siku moja akaenda kula. Akangoja. Purefoy alikuwa anapumua kwa nguvu. Mkono wake, mnene, mkavu kwa unga, haukufanya lolote.

Halafu ukafanya. Ulimkamata kama kibanio.

"Umefika?" Kasisi Rowena alinong'ona. "Hilda? Umefika?"

Hilda akambinya tena, kwa nguvu zaidi, mbinyo ukazunguke mara ya pili.

Na ikipitia juu ya paa, kutoka upande asioweza kuuona, ikaja sauti ya Dorcas: "Wifi! Tumekusikia! Usituvunje vidole, tuna chai ya kunywa!"