Utenzi Uliokwenda na Umeme

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, Mji wa Kale. Kando yangu mama mmoja alikuwa akiandika kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja, utenzi wa kumuusia bintiye anayeolewa Ijumaa. Umeme ukakatika. Uliporudi, utenzi haukuwamo.

"Ulihifadhi, mama?" mwenye duka akauliza.

"Kichwani nimehifadhi beti chache tu, mwanangu," akajibu, mkono kifuani. "Nyingine nilizitunga papa hapa."

Mwenye duka, aliyekuwa akiulizia kuhifadhi kwenye kompyuta, hakumsahihisha. Alivuta kiti. "Basi nisomee hizo, niandike mimi."

Akasoma. Kwenye ubeti wa tano sauti ilimkatika, akajifuta macho kwa ncha ya buibui.

"Huu haukuwamo mwanzo, umenijia sasa hivi," akasema. "Lakini uandike."

Kama kompyuta ingeurudisha utenzi wake, ubeti ule bibi harusi asingeupata.